Saini Tatu za Gari la Marehemu

Jumanne, 4 Septemba

Leo banda limefunguliwa. Viazi vitamu vya kwanza vimeingia vikavu, udongo unadondoka wenyewe, na sisi wanawake kumi na wanane tumesimama kando ya mkanda unaovipitisha tukichambua tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni. Miguu imenivimba.

Daftari hili amenipa Mchungaji Bolden. Akina mama wote wa kanisa tumepewa, tuandike maombi yaliyojibiwa. Kwangu majibu si mengi, lakini kurasa ni nzuri na nimeona vibaya kuziacha tupu. Basi nitaandika yanayotokea tu. Bwana atachagua mwenyewe yapi ni majibu.

Jumatatu, 10 Septemba

Barua ya Rudell imekuja! Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama barabarani penye sanduku la posta. Asilimia mia moja, ulemavu wa kudumu. Mume wangu aliacha mguu wake wa kulia kule vitani Ghuba, mwaka wa tisini na moja. Tangu hapo wamempa asilimia arobaini, wakampa sitini, na kila baada ya miaka michache wanamwita akapimwe upya, kana kwamba mguu ungeota.

Nimempigia Wendell, mdogo wake, yule fundi magari. Amecheka mpaka akakohoa.

"Shemeji, kumbe kaka ni mlemavu kamili! Mimi miaka yote nilidhani ni uvivu."

Bi Whitlow wa kanisani, ambaye marehemu mumewe alipigana Vietnam, ameniambia mtu akishapewa mia kwa mia halipi kodi ya gari. Anapewa kibao chake maalumu cha namba, na ada yake ni kama hakuna. Cha kwetu kinakwisha Novemba. Kodi ya pikapu yetu inakula mshahara wangu wa wiki mbili nzima, kwa hiyo leo nimelala nikimshukuru Mungu kabla hata ya kupiga magoti.

Ijumaa, 14 Septemba

Tumekwenda ofisi ya kodi, Rudell amevaa shati jeupe. Dirishani alikuwa Bi Darlene, ambaye amekaa hapo tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi. Ameisoma barua, ametabasamu, amebonyeza kompyuta yake. Kisha tabasamu limekwisha.

"Pikapu hii ni ya Hosea Gathright."

"Ndiyo, mama," Rudell amesema. "Ni baba yangu."

"Naye ni mwanajeshi?"

"Hapana. Amefariki."

"Pole sana, Bwana Gathright. Amefariki lini?"

"Februari. Mwaka elfu mbili na kumi na mbili."

Bi Darlene amerudi kwenye kompyuta. "Baba yako ameleta fomu ya kulipia gari hapa kila Novemba. Mwaka jana ameleta. Ameisaini."

Rudell amegeuka polepole kunitazama. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Hakutusimanga, Mungu ambariki. Ameeleza tu. Msamaha ni kwa gari ambalo kadi yake ina jina la askari mwenyewe. Ili kadi ibadilishwe, watoto wote wa marehemu wasaini hati ya kiapo mbele ya mthibitishaji mwenye muhuri wa serikali, kila mmoja kwa mkono wake. Wako watatu: Lavada aliyeko Detroit, Rudell, na Wendell.

"Na kama hatutaki msamaha?" nimeuliza. "Tukilipa tu kama zamani?"

"Kama zamani haiwezekani tena, Bi Gathright. Ningekuwa sijasikia kwamba amefariki, sawa. Lakini nimesikia."

Tulikwenda kuomba nafuu, tumerudi hatuna hata kile tulichokuwa nacho. Tulikuwa tunapita kinu cha pamba.

"Ulikuwa unamsainia Baba," Rudell amesema.

"Nani mwingine angesaini?"

"Nilidhani umeshabadilisha kadi."

"Ulidhani. Hukuuliza."

Niandike ukweli, maana hapa ninaandika mbele za Mungu. Hii familia niliyoolewa haipeleki vitu vya marehemu mahakamani. Ekari arobaini za babu yao ziliingia pale kwa karatasi na hazikutoka, na Baba Hosea hakusahau. Mtu akifa, ndugu wanakaa mezani, wanasema hiki chukua wewe, kile chukua wewe, imekwisha. Nusu ya magari ya barabara yetu yana majina ya watu walioko makaburini. Rudell alipewa pikapu kwa sababu Wendell alikuwa ameifunga pedeli ya mafuta upande wa kushoto, ili mtu asiye na mguu wa kulia aweze kuendesha. Hakuna aliyebisha. Mimi nikasaini jina la mkwe wangu mara sita na kila mara nikajiambia ni jina tu.

Jumapili, 16 Septemba

Wendell amesaini baada ya ibada, mke wa mchungaji akithibitisha, maana ana muhuri. Ameacha alama ya grisi kwenye kona ya karatasi. Rudell naye amesaini. Imebaki nafasi moja tu na wiki kumi na moja.

Jumamosi, 22 Septemba

Nimempigia wifi yangu Lavada. Ana miaka sitini na sita na sauti yake bado inaweza kunyoosha nguo. Nimemweleza yote. Amesikiliza.

"Wifi, gari ni la nani?"

"La Rudell."

"Na mguu uliokatika ni wa nani?"

"Wifi, tafadhali."

"Naye ana simu?"

"Anayo."

"Basi mwenye mguu na mwenye simu aniombe mwenyewe." Akakata.

Nimemwambia Rudell. Amesema, "Lavada ndivyo alivyo," akaendelea kumenya yai lake.

Jumatano, 26 Septemba

Mvua.

Alhamisi, 27 Septemba

Mvua. Matrekta hayaingii shambani.

Jumanne, 2 Oktoba

Mvua. Viazi vikikaa kwenye udongo wa maji vinaoza kutoka ndani. Ukikishika ni kizuri, ukikibonyeza kidole kinazama. Bwana Sudduth, mwenye banda, ametupunguzia siku: tutakuja mbili kwa wiki.

Jumapili, 7 Oktoba

Nimemwandikia Lavada barua, kurasa nne, nikiweka na karatasi ya kiapo. Nimemwombea pia, ingawa nakiri nilimwomba Mungu amlainishe kwa namna ambayo mtu angeisikia asingeiita maombi. Ni mwanamke mgumu. Miaka yote ametuma kadi ya Krismasi yenye jina lake tu, bila hata neno moja.

Ijumaa, 12 Oktoba

Jua kidogo. Tumefanya kazi nusu siku, nusu ya viazi tumetupa.

Alhamisi, 18 Oktoba

Wifi amepiga simu mwenyewe. Nilikuwa jikoni nakoroga uji wa mahindi, nikauzima moto nikaketi.

"Barua yako nimeisoma. Unaandika vizuri, wifi. Sasa nikuulize. Rudell amewahi kukuambia alikuwa wapi mwaka aliotoka hospitali ya jeshi?"

"Alikuwa kwako."

"Kwangu. Miezi minane. Amekuambia naishi ghorofa ya ngapi?"

"Hapana."

"Ya tatu, na lifti haikuwepo. Nilikuwa nambeba mgongoni, wifi. Mimi, mwanamke wa kiwandani. Usiku alikuwa anapiga kelele, majirani wanagonga ukuta. Nikaomba likizo, ikaisha, nikaomba nyingine, wakaniambia kazi yangu amepewa mtu. Nikasema sawa, ni ndugu yangu. Siku moja nimetoka kununua mkate, narudi, kitanda kimetandikwa. Kimetandikwa vizuri kabisa, kijeshi. Na yeye hayupo. Hakuacha hata kikaratasi. Wiki mbili baadaye Baba ndiye aliyenipigia, kasema Rudell yupo kwake anakula vizuri."

Nimemwambia pole.

"Sitaki pole yako, wewe hukunikosea. Mimi sina haja na pikapu, wala siwezi kupanda gari refu vile. Lakini karatasi imeandikwa kwamba naitoa kwa hiari yangu. Hiari hiyo sina."

Miaka ishirini na minne ya ndoa. Wageni wakija huwa nawaambia, mume wangu ni mpole, hajawahi kumsumbua mtu wala kumwomba mtu chochote. Nilikuwa nasema hivyo kwa kujivuna.

Ijumaa, 19 Oktoba

Nimemwuliza. Amesema, "Ni mambo ya zamani hayo." Ametoka nje kuangalia mvua.

Jumanne, 23 Oktoba

Mvua. Banda limefungwa wiki nzima.

Jumanne, 30 Oktoba

Rudell amekwenda Memphis, hospitali, kwenye kliniki ya mapafu anayoitwa kila baada ya miezi michache. Kila anapoondoka sasa nahesabu siku za kile kibao. Askari wa sherifu huwa wanakaa pale darajani, na kibao kilichokwisha wanakiona kabla hawajaona uso wako. Wakilivuta gari, nani mwingine ana gari lenye pedeli kushoto? Atakaa ndani. Nawajua wanaume wanaokaa ndani, wapo watatu barabara hii. Huanza kwa kuacha kuvaa viatu.

Jumamosi, 3 Novemba

Wendell amekuja kubadilisha mafuta ya pikapu. Ameniona na karatasi ya pili ya kiapo niliyoichukua kwa akiba.

"Shemeji, mbona unajitesa? Mkono wako umezoea. Baba alikuwa maiti na bado alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu."

"Wendell, ondoka."

"Lavada yuko mbali. Nani atamwuliza?"

"Ondoka nimesema."

Ametoka huku akicheka. Akajirudi mlangoni, hacheki. "Natania, shemeji. Nusu natania."

Jumatatu, 5 Novemba

Bwana nisamehe. Leo nimetoa kadi zote za Krismasi za Lavada kwenye sanduku. Kumi na tisa, nazo hazina kitu ila jina lake, tayari kuigwa. Nimeliandika hapa kwenye daftari la maombi, ukurasa mzima, L ndefu ile yenye kitanzi. Kufika mstari wa kumi nilikuwa nimeipata sawasawa hata yeye angedhani ni ya kwake.

Kisha nimeutazama ukurasa. Ya baba mkwe nilijiambia kwamba hayupo wa kumwumiza. Huyu yupo. Huyu nikimsainia, nitakuwa nimemfanyia kile kile alichofanyiwa na Rudell: kuchukua, kuondoka, bila neno. Nimeuchana. Ndiyo maana daftari limepungua ukurasa mmoja hapa katikati.

Rudell amerudi kutoka kanisani, kwenye kikao cha mashemasi, akanikuta na vipande mkononi. Nimemwambia kila kitu. Yeye alikuwa bado amesimama, ameshika kofia.

"Mara sita nimesaini jina la baba yako," nimesema. "Unajua kwa nini? Kwa sababu kukuambia uende mwenyewe dirishani ukaseme 'naomba' ni kama kukuambia uutoe na mguu wa pili. Nimekuombea kwa Bwana Sudduth, nimekuombea kwa daktari, nimekuombea kwa watoto wako mwenyewe. Nimechoka, Rudell. La Lavada silisaini, wala simpigii tena."

"Sikukuambia usaini."

"Hukuniambia. Wewe huniambii. Wewe unakaa kimya mpaka mtu afanye."

Akasema kwa sauti ndogo, "Siwezi kumwambia kwenye simu."

"Nani amesema kwenye simu?"

Jumanne, 6 Novemba

Hatujasemeshana.

Jumatano, 7 Novemba

Jua! Banda limefunguliwa. Hatujasemeshana.

Jumapili, 11 Novemba

Jumapili ya askari. Mchungaji amewaita wasimame, wapigiwe makofi. Rudell kama kawaida yake alibaki amekaa. Watu huliona jambo hilo ni unyenyekevu. Nami nilikuwa naliona hivyo.

Jumatatu, 12 Novemba

Nimeamka nimekuta chai imeshatengenezwa na begi lipo mlangoni.

"Ni saa kumi na tatu kwa gari," amesema. "Nitalala njiani Indiana."

"Umemwambia kuwa unakuja?"

"Hapana. Nikimwambia atakuwa hayupo."

Nimemfungia kuku na mkate, nimemwombea, mkono wangu juu ya boneti. Karatasi ya kiapo nimeiweka mahali anapoweza kuiona. Kibao kina siku kumi na nane.

Jumatano, 14 Novemba

Amepiga. "Nimefika jana."

"Umemwambia?"

"Bado. Amefungua mlango, kaniangalia, kasema nivue viatu. Basi."

"Kimoja au vyote?" Nilitaka kumchekesha.

"Earline," amesema, "ana siri. Figo zimekufa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anakwenda kusafishwa damu, anakaa huko muda wa saa nne kila safari. Anakwenda kwa basi. Mabasi mawili kwenda, mawili kurudi, na akitoka huko hana nguvu hata ya kushika kikombe. Mwaka wa pili sasa."

Mimi nilimwomba Mungu amlainishe. Nilidhani ni mtu anayekaa kwenye kiti akilea hasira, kumbe alikuwa kituoni anangoja basi kwenye baridi.

Ijumaa, 16 Novemba

Rudell amempeleka na kumrudisha. Wifi alisema hawezi kupanda gari refu. Wendell, alipoambiwa kwenye simu, akamwelekeza kaka yake jinsi ya kutengeneza kibago cha mbao cha kukanyagia, akaeleza mpaka urefu wa misumari. Dakika arobaini bila mzaha hata mmoja. Sikujua anaweza.

Jumatatu, 19 Novemba

Simu ya Lavada. Sauti ilikuwa imechoka, lakini kulikuwa na kitu ndani yake.

"Wifi, mumeo ni kituko."

"Amefanya nini?"

"Leo tumetoka kliniki, tumekaa garini, hawashi. Anatazama mbele tu, kwenye ukuta wa maegesho. Nikasema Rudell, petroli imekwisha? Akasema, 'Zilikuwa ngazi hamsini na moja.' Nikasema ngazi gani? Akasema, 'Za kwako. Nilikuwa nahesabu ukinibeba. Kila siku hamsini na moja. Ile asubuhi nilishuka kwa makalio, moja moja, ili nisikuone ukinibeba tena.'"

"Akasema asante?"

"Hapana! Nikamwambia, Rudell, hiyo si asante. Akasema, 'Najua. Naitafuta.'" Wifi alicheka, kisha akalia, kisha akanikemea kana kwamba ni mimi niliyemliza. "Karatasi nimesaini, mbele ya mthibitishaji. Kesho anaipeleka posta kwa haraka, pamoja na barua yake ya asilimia mia na maelezo kwamba wewe umwakilishe. Lakini mwambie na wewe aendelee kutafuta."

Alhamisi, 22 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Watoto wamekuja, Wendell amekuja na keki ya dukani. Tumeacha kiti cha Rudell bila mtu. Mvua haikunyesha.

Jumatatu, 26 Novemba

Bahasha imefika. L ndefu yenye kitanzi. Si kama nilivyoiandika mimi. Mkono wake unatetemeka sasa, kitanzi hakifungi.

Jumanne, 27 Novemba

Wendell amenipeleka ofisini kwa gari lake la kukokotea magari mabovu. Amesimama nyuma yangu kwenye foleni na kofia yake mkononi, kama msibani.

Bi Darlene amekagua saini tatu, mihuri miwili, barua ya asilimia mia. Kisha ametoa fomu ambayo mimi ndiye napaswa kuijaza, kwamba nathibitisha tarehe aliyofariki mwenye gari na kwamba maelezo ni ya kweli. Amesema niinue mkono wa kulia.

Sikuweza kuuinua. Watu walikuwa nyuma.

"Kabla sijaapa," nimesema, "zile fomu sita. Alizosaini yeye baada ya kufa. Nilisaini mimi. Mume wangu hakujua."

Nyuma yangu nimesikia Wendell akivuta pumzi. Bi Darlene amenitazama juu ya miwani yake muda mrefu.

"Kodi ililipwa?"

"Kila mwaka. Yote."

"Bi Gathright, nikiripoti hili, msamaha utasimama mpaka mwakani, na wewe utaitwa." Akanisukumia kalamu. "Andika. Chini hapo, kwenye nafasi ya maelezo, andika kwa mkono wako ulivyosema, uweke jina lako. Nitapeleka pamoja na hati. Mkubwa wangu akiona kuna la kukuita, atakuita. Mimi namba natoa leo, kwa sababu leo karatasi zote ni za kweli."

Nimeandika. Earline Gathright. Ni mara ya kwanza jina hilo kuonekana kwenye faili la gari lile.

Akasukuma kibao chini ya kioo. Kipya, kinang'aa, kina bendera na maneno ya ulemavu wa vitani.

"Kifungeni sasa hivi, nione kibao cha zamani mnakirudisha. Gari liko nje?"

"Liko Detroit," nimesema.

"Detroit! Linafanya nini Detroit?"

"Linampeleka wifi yangu hospitali."

Nyuma ya foleni mtu kaguna. Bi Darlene amesema nirudishe cha zamani kwa posta, kisha akaita, "Anayefuata."

Wendell amenirudisha mpaka kwangu. Kisha: "Shemeji, wewe siku moja utatupeleka wote jela kwa ukweli." Ameshuka akanifungulia mlango, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Jumatano, 28 Novemba

Leo ndiyo siku ya mwisho ya banda. Viazi vilivyosalia vimepelekwa kwa ng'ombe. Bwana Sudduth ametupa mkono mmoja mmoja. Nimerudi nimekaa mezani bila kuvua aproni, kibao mbele yangu. Miezi mitatu nimekitaka kipande hiki cha bati kuliko nilivyotaka kitu kingine, sasa ninacho na gari sina. Nilikuwa nimeshatafuta boksi la kukitumia kwa posta.

Rudell amepiga. Nimemwambia kinakuja, atakipata Jumamosi, asiendeshe Ijumaa usiku wa manane ukishapita.

Amekaa kimya. Nikamngoja. Zamani ningekijaza mimi kile kimya chake.

"Lavada hawezi kubaki peke yake majira haya ya baridi," amesema. "Nami sijui kupika chakula chake, hakitakiwi chumvi. Na ngazi ni zile zile, Earline. Kushuka naweza. Kupanda, siku yeye akiwa hoi na mimi mguu wa bandia umeniumiza, tunakaa chini tunatazamana."

"Kwa hiyo?"

Nimesikia nyuma yake sauti ya wifi ikisema, "Mwambie basi, mwanamume wewe!"

"Usikitume," Rudell amesema. "Naomba uje nacho."

Nimemwambia nitafikiri. Sikufikiri. Nimekata tikiti kabla maji ya kuoga hayajachemka. Basi linaondoka kesho saa kumi na mbili na robo asubuhi, na nimemwambia Wendell asichelewe.